Tukisema tumeshinda, watu watalala?

Kwenye mikutano ya mashirika ya wanawake hapa Lubumbashi, Kongo, mjadala huu hauishi: tuseme hadharani mambo yamebadilika, ama tunyamaze ili watu wasilegee. Wakubwa wetu wengi wanapenda kunyamaza. Mimi hapana.

Angalieni sheria ya familia, ile ya 1987, mwanamke aliyeolewa alikuwa hawezi kujifunga kwa kontra wala kwenda tribinali bila ruhusa ya bwana yake, labda kwa mambo machache tu. Bamama walipiga kelele miaka na miaka, Julai 2016 ikabadilishwa, sasa kifungu cha 448 kinasema mume na mke wakubaliane. Wote wawili, sio mama peke yake kuomba.

Basi mama mmoja wa Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, anauza makala (mkaa), alienda kuomba krediti, kijana wa mezani akamwambia lete sinyatiri ya bwana yako. Mama akamuuliza, na bwana yangu alipochukua krediti hapa mwaka jana, mlimtuma aje na yangu? Kijana akafungua makaratasi, akafunga, akaenda kumtafuta shefu 😂. Lile swali mama hakuliota usiku jamani, alilitoa kwenye mkutano ambapo mtu alithubutu kusema hapa tulishinda. Tungenyamaza "ili watu wasilegee" angerudi nyumbani kuomba ruhusa ambayo sheria haimdai yeye peke yake.

Kulegea kupo, sikatai. 2024 Judith Suminwa Tuluka alipokuwa Waziri Mkuu, mwanamke wa kwanza kwa hiyo kazi, watu walicheza (na mimi nilicheza sana), kisha viti vya mkutano vikabaki vitupu maana kila mtu anaona sasa tuko na mtu wetu kule juu, atatufanyia. Kinacholaza watu ni hicho, ushindi kuuleta kama zawadi ya Leta (serikali) wakati ni jasho la watu, tena kusema nusu yake. Nani kati yetu siku ya 8 Machi, siku ya wanawake, anasoma kifungu cha 444? Bado kinasema mume ndiye kichwa cha nyumba! 2016 walibadilisha sheria, lakini neno hilo wakaliacha palepale.

Mimi nimeomba mkutano ujao tusome 448 halafu 444 papo hapo, kabla ya soda. Wakubwa wanasema itavunja furaha.