Dar hadi Guangzhou: kilomita 8,700 za kwenye ramani

Kwa mstari ulionyooka, kutoka Uwanja wa Julius Nyerere hadi Uwanja wa Baiyun, Guangzhou, ni kama kilomita 8,700. Ndege kubwa ya abiria hukata karibu kilomita 900 kwa saa, kwa hiyo ukigawanya unapata saa kumi hivi. Hesabu safi. Ila wanaofuata mzigo China kutoka Kariakoo wanajua kuwa hesabu hiyo haina ndani yake foleni ya Barabara ya Nyerere, ile ya kwenda uwanjani. Daraja la Mfugale pale Tazara limepunguza balaa tangu 2018, lakini jioni bado unaweza kukaa Veta ukihesabu bodaboda zinazokupita.

Air Tanzania imekuwa ikienda Guangzhou moja kwa moja, lakini siku zake hazikuoana na zangu, nikapitia Dubai. Hapo ndipo kilomita zinapoongezeka. Ukivuta uzi juu ya tufe kutoka Dar hadi Guangzhou, unakatiza Bahari ya Hindi na kupita karibu na Chennai, kusini mwa India. Sisi tulielekea kaskazini kwanza: karibu kilomita 4,000 hadi Dubai, kisha nyingine 5,800 na ushee. Jumla inakaribia 9,800. Zaidi ya kilomita elfu moja za kuzunguka, na bado nauli ya kuzunguka mara nyingi huwa nafuu. Mambo ya ndege hayo.

Pembeni yangu alikaa mama mmoja muuza vitenge, safari yake ya kwanza China. Akanionyesha tiketi yake kwa wasiwasi.

"Mwanangu, tunaondoka saa kumi na moja jioni, tunafika kesho saa nane na nusu mchana. Si karibu siku nzima hii?"

"Hapana, mama. Hiyo saa nane na nusu ni ya China. Wao wako mbele yetu kwa saa tano."

Tukapiga hesabu kwa vidole. Saa nane na nusu ya kule, nyumbani ni saa tatu na nusu asubuhi. Kumbe ni saa kumi na sita na nusu: tano na nusu hadi Dubai, tatu na nusu za kusubiri, saba na nusu hadi Guangzhou. Tiketi huandika saa za kila uwanja, kwa hiyo ukienda mashariki safari inaonekana ndefu kuliko ilivyo, na ukirudi inaonekana fupi. Cha ajabu, kurudi ndiko kunakochosha zaidi, maana kule juu upepo huvuma kutoka magharibi. Ukienda unakusukuma, ukirudi unapigana nao, na ndege inaweza kuchelewa saa nzima hivi kwa njia ileile.

Kusubiri Dubai sina la kusema. Ni maduka ya dhahabu na watu waliolala juu ya mabegi.

Baiyun tulipanga foleni ya uhamiaji kwa muda mrefu, mama akiwa amekwisha kubadili saa yake ya mkononi. Nje nikamwambia kuna treni ya chini ya ardhi hadi Xiaobei, wanakofikia Waafrika wengi, unabadilisha njiani.

"Na begi hili?" akauliza.

Tukachukua teksi, tukachangiana.