Nilivyojifunza kuishi na sheria za bweni

Mwaka wa kwanza chuoni nilikabidhiwa ufunguo wa chumba saa kumi na mbili jioni. Nilikuwa nimetoka Makete, mkoani Njombe, nimelala kwenye basi, na foleni ya wodeni, msimamizi wa bweni, niliianza saa nne asubuhi nikiwa na begi moja na ndoo yenye sahani, sabuni na unga. Dirishani nikasogezewa fomu mbili. Nilisaini zote bila kusoma mstari hata mmoja.

Ya kwanza ilisema nimepokea kitanda, godoro, meza, kiti, kabati lenye kitasa, taa na vioo nane vya dirisha, vyote vizima. Ya pili ilisema nimesoma kijitabu cha sheria za makazi na nimekubaliana nazo. Kijitabu chenyewe nilikiweka chini ya godoro, kikakaa huko hadi Julai.

Julai ndipo mkaguzi alipohesabu vioo. Sita. Kitasa cha kabati hakifungi. Mimi nilijua vimekuwa hivyo tangu siku naingia, maana usiku wa kwanza nilikata boksi nikaziba dirisha mbu wasipite. Lakini sahihi yangu ilisema vizima, na fedha ya tahadhari niliyolipa mwanzoni ikakatwa karibu yote. Nililia. Hadi leo naona haikuwa haki: mgeni aliyechoka anasainishwa chumba ambacho hata mlango wake hajaufungua. Fomu ile ingefaa isainiwe ndani ya chumba, mbele ya kitu kinachohesabiwa.

Kwa hiyo Oktoba 2019 nilipofika dirishani nilisema, "Shikamoo mama. Naomba nikakiangalie chumba kwanza, nirudi kusaini."

"Marahaba. Mbona wenzako wote wanasaini hapa hapa?"

"Ni kweli mama. Ila mwaka jana nilikatwa kwa vioo ambavyo sikuvivunja."

Alinitazama kidogo, akanipa ufunguo. Nilirudi na fomu imejaa maandishi pembeni: kioo kimoja hakipo, godoro limechanika upande wa ukutani, soketi moja haifanyi kazi. Nilimwomba asaini kando ya kila nilichoandika, akasaini. Nikapiga picha.

Jumapili yake nilikaa kwenye kimbweta, zile meza za saruji za kusomea nje, na kile kijitabu, nikakisoma hadi jalada la nyuma. Mengi tuliyajua: wageni watoke saa nne usiku, muziki usisikike nje, pombe hapana. Nilichokuwa nakitafuta ni kubebana.

Aliyesoma chuo Tanzania hahitaji kuelezwa. Aliyekosa nafasi hosteli anabebwa na mwenye kitanda, wanalala wawili kwenye godoro la mmoja. Nilikuwa kidato cha tano Aprili 2017 yalipozinduliwa majengo 20 ya hosteli pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nafasi 3,840, nikadhani shida ya malazi vyuoni imekwisha nchi nzima. Chuoni kwetu haikuwa imekwisha. Chumba chetu kilikuwa na dabo deka mbili, yaani vitanda vya juu na chini, watu wanne, na mimi nilikuwa nambeba rafiki yangu tunayesoma naye kozi moja. Mlinzi akigonga usiku, yeye anajifunika kanga nyuma ya kabati. Sikuipenda hali ile. Wenzetu wa chumbani nao hawakuipenda, ila waliona aibu kusema.

Kijitabu kilikataza kubebana, hilo nilijua. Kumbe kilikuwa na kifungu kingine, karibu na mwisho: mwenye kitanda asiporipoti ndani ya siku kumi na nne tangu chuo kufunguliwa, kitanda kinagawiwa upya kwa aliyeomba kwa maandishi. Siku ya kumi na tano tulikwenda wote wawili. Sikumficha mama wodeni kwamba nilikuwa namlaza rafiki yangu, maana angeuliza ametokea wapi asubuhi yote ile. Alinikaripia, na nilistahili. Kisha akafungua daftari lake. Bloku yetu pekee ilikuwa na vitanda vitatu visivyo na mtu, na barua ya maombi ilikuwa ya kwetu tu. Rafiki yangu akahamia ghorofa ya pili siku ile ile.

Sheria ya kupika ndiyo iliyonichukua muda. Bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, likichelewa, sahani ya wali maharage, iliyokuwa shilingi 1,500 wakati ule, ilikuwa mbali, wakati kwa hela hiyo hiyo watatu tulikula ugali na dagaa. Tulikuwa na jiko la koili chini ya kitanda, na niliamini kwa dhati kwamba sheria ile imetungwa na watu walioshiba.

Februari soketi ya chumba cha jirani iliungua. Fundi umeme alipoifungua nilikuwa mlangoni, akanionyesha plastiki iliyoyeyuka, akanipigia hesabu. Hita ya kuchemshia maji ya wati 2,000, kwa umeme wa volti 230, inavuta karibu ampea 9. Koili ya wati 1,000 inavuta zaidi ya 4. Nyaya za vyumba vyetu vinne ziliwekewa breka, swichi inayojikata umeme ukizidi, ya ampea 20. Wakiwasha wawili hita na mmoja koili, imezidi. Breka ilikuwa inaruka kila jioni, na kuna mtu zamani alichoka akabadilisha akaweka ya ampea 32, nyaya zikabaki zile zile nyembamba. "Sasa breka hairuki, mdogo wangu," akasema, "kinachowaka ni waya ndani ya ukuta."

Usiku ule nililala nikiuangalia ukuta. Asubuhi tukaitoa koili, nami nikaandika barua kupitia mwakilishi wa bloku. Sikuomba sheria ifutwe. Niliomba kile kibanda cha kufulia cha zamani kilicho wazi pande mbili kifanywe mahali pa kupikia kwa gesi, mitungi midogo ya kilo 6, mwisho saa mbili usiku, na zamu ya usafi ibandikwe ukutani. Niliambatisha majina ya wote tulioahidi kushika zamu. Jibu lilichukua wiki tatu. Walikubali, kwa sharti kwamba mitungi isilale vyumbani.

Siku ya kurudisha ufunguo mkaguzi alihesabu vioo: saba. Akaanza kuandika. Nikampa nakala ya fomu yenye sahihi za mama wodeni pembeni. Akaisoma taratibu, akafuta alichoandika, akaenda kufungua kabati.