Jumamosi ya Kwenda Kuliangalia Dirisha

Dirisha lilianguka Jumatano, tarehe 8 Machi 2017. Mimi nilikuwa nimepanga kwenda kuliangalia Jumamosi.

Ndiyo bahati yangu hiyo. Tangu Oktoba nilikuwa Malta nikisoma pale IMLI, taasisi ya kimataifa ya sheria za bahari iliyoanzishwa mwaka 1988 ambayo imewapitisha wanasheria wengi wa Tanzania na Kenya. Miezi yote ile dirisha lilikuwa mbele ya macho yangu kwa picha tu: kwenye kadi za posta, kwenye vikombe, kwenye kalenda ya jikoni nilikopanga. Lilikuwa tao kubwa la mawe lililosimama baharini huko Dwejra, pwani ya magharibi ya Gozo, kisiwa cha pili kwa ukubwa katika nchi ile. Wenyewe wakiliita it-Tieqa, yaani dirisha, wala hawakuhitaji kusema dirisha gani. Kila mwisho wa wiki nikijiambia litanisubiri, limesubiri miaka mingapi.

Upepo wa siku ile sitausahau. Darasani vioo vilikuwa vikigonga, na kabla ya saa nne asubuhi simu zikaanza kulia moja baada ya nyingine. Mhudumu wa chai alisimama mlangoni na birika mkononi, machozi yanamtoka. Nilishangaa, nikadhani amefiwa.

Jioni nikamkuta mwenye nyumba wangu jikoni, ameshika kisu anamenya vitunguu. Alikuwa mzee wa Gozo aliyevuka kuja Malta, kisiwa kikuu, mwaka 1961, akiwa na miaka kumi na sita, kufanya kazi kwenye gudi. Waingereza aliwaona mpaka walipoondoka mwaka 1979. Gudi, lililokuwa la serikali, likala hasara mwaka baada ya mwaka, na lilipokwenda kwa watu binafsi mwaka 2010 yeye alikuwa ameshaigawa nyumba yake kwa kuta, vyumba vinne, anapangisha wanafunzi. Mimi nilikuwa chumba cha tatu, chenye dirisha la kutazama dirisha la jirani.

"Limekwenda," akasema bila kugeuka.

Nikamwuliza kama bado tutakwenda Jumamosi.

"Tutakwenda. Dada yangu hakuanguka."

Basi tukaenda. Pale bandari ya Ċirkewwa nilitafuta pa kukata tiketi ya feri, mzee akanivuta mkono: kwenda Gozo hulipi, utalipa wakati wa kurudi. Mtu wa Unguja jambo hili halimwingii akilini. Bandarini Malindi bila tiketi hata geti huligusi. Dakika ishirini na tano tu za kuvuka, lakini abiria wa upande ule walinikumbusha watu wetu wa Pemba: mizigo mingi, maneno mengi, na kila mmoja anamjua mwenzake ametoka kumwona daktari gani.

Dwejra tulikuta magari yamepangana mpaka juu kilimani. Nilidhani watu wasingekuja tena, kumbe walikuja zaidi. Walisimama ukingoni, wameinua simu, wanapiga picha ya hewa. Mtoto mmoja alikuwa anamwuliza baba yake, liko wapi, na baba anamwonyesha kidole mahali ambapo hapana kitu. Hata nguzo iliyokuwa imebeba tao haikubaki. Maji yalikuwa yakipita juu yake kana kwamba hapajawahi kuwa na jiwe.

Nami nikapiga picha. Ninayo mpaka leo, na ukiitazama hutajua nilikuwa napiga nini.

Nyuma kidogo kuna kidimbwi cha bahari kilichozungukwa na majabali, na njia ya kutokea nje ni tundu lililopita chini ya mwamba. Wavuvi wa pale kwa miaka mingi walikuwa wakipata zaidi kwa kubeba wageni kuliko kwa kutega samaki: ulikuwa unapanda mashua, unapita tundu, unalitazama dirisha kutoka chini, unarudi. Siku ile mashua zilikuwa zimepandishwa nchi kavu. Nilimkuta mmoja anapaka rangi ubavu wa chombo chake, buluu, kwa brashi ndogo kama ya mtoto wa skuli. Nikamwuliza kwa Kiingereza kama atatoka.

"Mhux illum," akajibu, kisha akaelekeza brashi: "Il-baħar."

Leo hapana, bahari. Neno la pili sikuhitaji kutafsiriwa. Tulikuwa tumeshacheza mchezo huo na mzee jikoni, tukihesabu: sita kwao sitta, saba ni sebgħa, ishirini ni għoxrin. Yule mvuvi hakuonekana mwenye msiba. Mzee alipomwuliza atafanyaje sasa, alisema mawe hayakwenda mbali, yako chini pale pale, na wazamiaji wameanza kupiga simu. Kilichomkera ni kingine. Tangu Desemba serikali ilikuwa imetangaza faini ya euro 1,500 kwa atakayepanda juu ya lile tao, watu wakaendelea kupanda vilevile. "Karatasi waliiandika huko Malta," akasema, "na sisi tuko hapa."

Nilinunua sumaku ya friji yenye picha ya dirisha. Muuzaji hakuwa amepandisha bei, nikamheshimu kwa hilo.

Chakula cha mchana kilikuwa kwa dada yake mzee, kijiji cha jirani ambacho sitakitaja. Ilikuwa Kwaresma, kwa hiyo nilipona na maswali ya nyama: supu ya samaki yenye vitunguu saumu vingi, mkate mgumu wa kuchovya, jibini ndogo za maziwa ya kondoo. Njiani nilikuwa nimeona nyumba zimeandikwa mlangoni majina ya Australia na Amerika. Hizo zilijengwa kwa fedha za waliohama. Mpya zilikuwa zikipanda kwa fedha nyingine, na mbele ya baraza ya dada palikuwa na shimo la msingi limezungushiwa mabati. Ghorofa za kupangisha, akasema, na jua lake la asubuhi ndiyo basi tena.

Shemeji yake mzee aliwahi kuwa diwani. Huyo ndiye aliyenishika mpaka saa kumi. Akanieleza kwamba Gozo ilikuwa na baraza lake tangu 1961, likaruhusiwa kutoza kodi ingawa halikuwahi kutoza, likafutwa 1973. Baada ya hapo, taa ikizimika mbele ya mlango wako, ilibidi umjue mtu anayemjua mtu wizarani. Sheria ya 1993 ndiyo iliyoleta halmashauri za miji na vijiji. Sasa ziko 68 nchi nzima, na 14 ni za Gozo, kisiwa ambacho wakati ule watu wake hawakufika 40,000. Taa, taka, viraka vya njia, bembea za watoto: hayo ni yao.

"Na hilo?" nikauliza, nikionyesha mabati.

Akacheka kwa pua. Kibali cha kujenga hutoka kwingine. Halmashauri inaweza kuandika barua ya kupinga, na yeye alishaandika nyingi. Barua zilikuwa nzuri sana, mke wake akadakia, alikuwa akimsomea kitandani.

Kisha wakataka kujua kwetu. Nikawaambia tuna madiwani wa kuchaguliwa, lakini mtu wa karibu zaidi, anayejua nani kahamia na nani kahama, ni sheha, na huyo huteuliwa. Neno walilipenda. Walilirudia rudia, sheha, sheha, kama wanaonja.

Usiku tukarudi bandarini Mġarr. Dirishani nililipa euro 4.65. Mzee alitoa kadi yake ya mkazi wa Gozo, akalipa 1.15.

"Lakini wewe unaishi Malta tangu 1961," nikamwambia.

"Anwani yangu iko kwa dada." Akairudisha kadi mfukoni taratibu, akafunga kifungo. Haikuwa nauli tu, akasema, ingawa nauli nayo ina utamu wake. Kura pia iko kule. Malta kura yake ni tone baharini. Kijijini, wanapowapanga wagombea kwa namba kwenye karatasi ya kura, 1 kwa huyu, 2 kwa yule, sindku, yaani meya, anaweza kukaa na kuhesabu ni nyumba gani zimemruka.

Tulikaa ndani kwa sababu ya baridi. Ushungi wangu ulikuwa umekauka chumvi. Karibu na kisiwa kidogo cha Comino akaniuliza, kama mtu aliyekuwa analifikiria tangu mezani:

"Huyo sheha wenu. Hapigiwi kura hata moja?"

"Hata moja."

"Sasa atajuaje kama hamumtaki?"

"Akioza binti yake," nikamwambia, "hatuendi harusini."

Mzee akatikisa kichwa, akatazama nje kwenye giza. "Kwetu," akasema, "tunampigia kura ya pili, na harusini tunakwenda."