Nimesoma Demi-chan wa Kataritai mara tatu na bado nina la kusema

Jana usiku nimemaliza tena ile manga, yaani hadithi ya katuni ya Kijapani, ya mchoraji Petos, mara ya tatu hii, nimelala saa nane na asubuhi kazini macho mekundu ila wala sijuti. Watu wengi ukiwaambia manga wanawaza mapanga, mtu anapiga kelele kurasa kumi halafu ndo anarusha ngumi. Hii haina ngumi kabisa. Hii ni watu wamekaa kwenye chumba cha shule wanaongea, basi, na nimecheka mpaka mdogo wangu kaamka kuniuliza kuna nini, na kuna sehemu moja nimelia kila nikiisoma, ntaisema huko chini.

Kwa ambao hamuijui, inaitwa Demi-chan wa Kataritai, kwa Kiingereza wakaipa jina la Interviews with Monster Girls. Ilianza 2014 kwenye majarida ya kampuni ya Kijapani ya Kodansha, ikaisha 2021, juzuu zote ni 11, na anime yake, yaani katuni ya kwenye TV, ya vipindi 12 ilitoka Januari mpaka Machi 2017. Mi nalipenda zaidi jina la Kijapani maana ni kama kusema Demi anataka kuongea. Yeye mwenyewe ndo anataka kuongea. Lile la Kiingereza linamfanya kama mtu anayehojiwa polisi, na linamuita zimwi juu yake, wakati kitabu kizima kinapingana na hilo.

Hadithi yenyewe iko hivi: viumbe vya kwenye ngano vipo kweli, wanaitwa ajin, zamani walionewa sana lakini sasa hivi wanatambulika na serikali inawasaidia, wanapanda treni, wanachelewa shule, wanafeli hesabu kama kawaida. Vijana wenyewe hawalipendi hilo jina la ajin wanaona halina mvuto kwahiyo wanajiita demi. Sasa kuna mwalimu wa baiolojia anaitwa Takahashi Tetsuo, jitu la miraba minne lakini mpole vibaya mno, tangu yuko chuo alitamani kuwasoma demi na hakuwahi kukutana na hata mmoja. Mara paap, mwaka mpya wa masomo unaanza, wanafunzi watatu wapya ni demi na mwalimu mpya wa hesabu naye ni demi.

Wa kwanza Hikari, huyu ni vampaya, mnyonya damu, msumbufu, mvivu, anajisemea tu. Mwalimu anamuuliza moja kwa moja, we unang'ata watu? Hapana bwana, kila mwezi napewa paketi ya damu na serikali, siku zingine nakunywa juisi ya nyanya. Yaani maelezo ya kuogofya yote uliyowahi kusikia kuhusu vampaya yanaisha hapo kwenye juisi ya nyanya. Na ana pacha wake, Himari, binadamu wa kawaida kabisa, ambaye kazi yake ni kumkimbiza dada yake avae vizuri na afanye homuweki. Vampaya kwao ndo mtoto anayesumbua, sio mtoto anayeogopwa, na mi hilo limenigusa sana, kwamba ukiwa nyumbani kwenu ugeni wako wote unaisha unabaki tu kuwa yule anayeacha soksi sebuleni.

Halafu kuna mwanafunzi wa pili, anaitwa Machi. Machi ni dalahani. Hii ni ngano ya Ireland, mpanda farasi asiye na kichwa shingoni, kichwa kakibeba mkononi, na akisimama mahali basi mtu wa hapo anakufa. Kitu cha kutisha. Sasa Petos kakichukua hicho kitu akakifanya kasichana kapole kenye aibu, shingoni panawaka moto mdogo na kichwa kakikumbatia kama mtu aliyebeba tikiti maji, siku nzima, mikono imechoka. Ule moto unacheza kufuata moyo wake, akiona aibu unapanda, kwahiyo hata akikaza uso darasa zima wanajua. Duniani wako watatu tu kama yeye.

Na hapa ndo nilipokaa sana. Wanafunzi wenzake Machi sio wabaya. Hawamcheki, hawamtengi. Wanamstahi. Wanaongea naye vizuri kabisa mpaka maongezi yakikaribia karibu na habari ya kichwa, hapo wote kimya, kila mtu anatafuta pa kuangalia. Wanaogopa kumuumiza. Na Machi mwenyewe anaona kila kitu, anaona wanavyohangaika kumkwepea, na ile heshima inageuka ukuta. Mpaka mwalimu anapomwambia hebu anza wewe kuliongelea, litaje tu, na yeye akianza kutania habari za kichwa chake wenzake wanapumua.

Nilivyosoma hiyo sura mara ya kwanza nilizima simu nikakaa kimya kwenye daladala kuanzia Ubungo mpaka Kimara. Nilimkumbuka mtu.

Nimesoma shule ya msingi Tanga, na kuanzia la tano mpaka la saba nilikaa dawati moja na msichana mwenye ualbino. Kuna lile neno la zamani ambalo watu walimuitia, silitaji hapa, maana yake ni kama mzuka, na ndo maana nasema manga hii kwangu sio mambo ya Wajapani tu. Sisi hatukuhitaji mtu atuchoree kiumbe wa ngano aliyekaa darasani. Tulichukua mtoto wa watu, anayependa maembe mabichi na chumvi kama sisi, tukamfanya yeye ndo kiumbe wa ngano. Miaka ile ya 2008 habari za watu wenye ualbino kuuawa kule kanda ya ziwa zilikuwa redioni kila siku, mjomba wake alikuwa anamleta shule na kumfuata, na sisi tulikuwa tunaliona hilo getini kila jioni na hakuna aliyesema kitu.

Mimi sikuwahi kumuita vile. Mama alinifundisha, alisema usimkodolee macho na usimuulize ulize maswali, mwenzio ataumia. Nikafuata. Miaka mitatu nimekaa naye kiwiko kwa kiwiko na sikumuuliza swali hata moja. Alikuwa mrefu kwahiyo tulikaa nyuma, ile sheria ya warefu nyuma, na kila kipindi kikiisha alikuwa anaazima daftari langu, analisogeza mpaka usoni, vidole vitatu hivi kutoka puani, na kichwa kinatembea na mstari kushoto kulia, kushoto kulia, huku kofia hana kwasababu shuleni kofia ilikatazwa sio sare. Mi nampa daftari. Niliona huo ndo wema.

Turudi kwenye manga maana bado Yuki. Yuki ni yuki-onna, mwanamke wa theluji, hii ni ngano yao wenyewe Wajapani, ya zamani sana. Yeye mwili wake ni wa baridi, joto linamsumbua, na anajitenga na watu kwasababu anaogopa siku moja baridi yake itamtoka na kumdhuru mtu. Anaamini kabisa kwamba yeye ni hatari. Mwalimu Takahashi hamwambii "usijali mwaya utakuwa sawa". Anachukua beseni la maji ya moto, anamwambia weka miguu, halafu wanaongea, anamuuliza mambo yanayomuumiza, na baada ya muda wanaangalia kwenye maji wanakuta vipande vya barafu vinaelea. Kumbe ni jasho. Akibanwa na mawazo jasho lake linatoka la baridi linaganda, ndo hicho tu, na kuna ngano ya zamani ya mwanamke wa theluji aliyelazimishwa kuoga maji ya moto, kurudi wakakuta vipande vya barafu tu, mwalimu anamwambia pengine hakuyeyuka, alikuwa anaumia. Hapo ndo nalia. Kila mara. Msichana kabeba hofu miaka na miaka na kilichomfungua ni mtu mmoja kuuliza, kusikiliza, na kuangalia ndani ya beseni.

Wa nne ni mwalimu Sakie, huyu ni sakyubasi, yaani kwenye ngano ni jini la kike linalotamanisha wanaume ndotoni. Ungetegemea achorwe kwa kutamanisha. Badala yake huyu dada anavaa traksuti kubwa, nywele kazifunga, anapanda treni ya alfajiri kabisa na kurudi na ya mwisho usiku ili asigusane na mwanaume yeyote, na kapanga nyumba ya mbali na watu kwasababu akilala hawezi kuzuia hizo ndoto zisiwapate majirani. Inachekesha anavyopanikika ila kaa uifikirie ratiba yake, huyu ni mwanamke anayepanga maisha yake yote kuanzia saa ya kuamka kwa ajili ya vitu vinavyotokea kwenye vichwa vya wengine. Wadada mnaopanda mwendokasi saa kumi na mbili jioni mnanielewa.

Kuna kitu kimoja sikipendi na nakisema wazi. Machi anampenda mwalimu, kabisa, kuna sura anampeleka kwenye deti, yaani anapeleka kichwa tu mwili kauacha nyumbani, mwalimu anatembea kakibeba. Mchoro mzuri, wazo zuri sana, lakini yule ni mwanafunzi na huyu ni mwalimu na mimi nimekulia sehemu ambayo tunajua wasichana wangapi waliacha shule kwa mambo ya walimu. Takahashi mwenyewe anajiheshimu, hilo namkubali, ila mwandishi angeweza kumpa Machi mtu mwingine wa kumpenda na hadithi isingepungua kitu. Nasema hivi kwasababu naipenda.

Na kinachonifanya niiweke juu ya manga zote za aina hii ni jibu lake Takahashi kwenye swali gumu. Je, umchukulie demi kama binadamu wa kawaida tu, au umchukulie kama demi? Yeye anasema ukiangalia u-demi peke yake unampoteza mtu mwenyewe, Hikari ni Hikari, sio "vampaya". Lakini ukisema mimi sioni tofauti yoyote wote sawa, hapo unafumbia macho shida zake za kila siku. Damu anaihitaji. Joto linamuumiza. Kichwa kizito. Vyote viwili uvione kwa pamoja. Sisi wa dawati la nyuma tulikuwa wa aina ya pili, hatuoni tofauti yoyote, na mwenzetu hakuona ubao miaka mitatu.

Nilimtafuta. Ilinichukua kama wiki mbili, nikapata namba kwa binamu yake, nikampigia nikamwambia shosti mimi fulani tulikaa wote Tanga. Akanitambua kwa sauti. Tukaonana Dar, yeye anafanya kazi huku huku miaka yote hiyo, alikuja na kofia pana na mikono mirefu, na kabla hata hatujaagiza chai akatoa mafuta yake kwenye mkoba akajipaka upya shingoni na nyuma ya mikono, taratibu, kidole kwa kidole, huku anaongea. Safari hii nikauliza. Hayo mafuta unapaka mara ngapi? Akasema kila baada ya saa mbili hivi akiwa nje, na kwamba ni Kilisun, yanatengenezwa pale hospitali ya KCMC Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino, na kwamba enzi zetu za shule hakuwa nayo, alikuwa anaungua tu. Nikauliza ulikuwa unaona ubaoni? Akacheka akasema, "Mwenzangu, ubao gani? Mi nilikuwa naona rangi nyeusi na mwalimu anapunga mkono." Akaendelea, "Daftari lako lilinisaidia sana ila mwandiko wako ulikuwa mdogo, nilitamani kukwambia uandike makubwa, nikaona nitakusumbua."

Herufi kubwa. Hicho tu. Ningeandika hata nusu ukurasa kwa herufi moja.

Nikamuelezea kuhusu Demi-chan, niliogopa kidogo nisije nikaonekana namfananisha na mazimwi, nikamwambia hivyo hivyo kwamba naogopa. Akasema nionyeshe. Nikampa simu, akaikuza ile picha ya Machi mpaka ikajaa skrini nzima, akaisogeza usoni vile vile kama alivyokuwa anasogeza daftari, akaangalia muda mrefu. "Huyu wenzie wanamkwepea," akasema. Ukurasa huo hauna hata maneno, wamechorwa tu wanavyoangalia pembeni.

Nikamtumia zote. Simu yake ina programu ya kukuza kwahiyo anasoma kipande kwa kipande, kulia kwenda kushoto kama inavyotakiwa, mwanzo ilimchanganya akawa anaanzia jibu ndo anaenda kwenye swali. Kila siku jioni ananitumia voisi. Hikari anamkera kwa uvivu. Yuki anampenda mno, kanisimulia sura ya beseni utadhani mi sijaisoma. Sakie kasema angekuwa jirani yake wangekuwa wanaondoka wote alfajiri.

Juzi saa tano usiku ikaingia meseji: "Dada nina swali. Huyu Machi akitaka kusuka, si anapeleka kichwa tu saluni? Mwili unabaki nyumbani unapika?"

Nikamjibu afungue ile sura ya deti, mwili ulibaki nyumbani kweli. Kimya kama dakika kumi, halafu ikaingia nyingine: "Sasa saluni anakaa kwenye kiti au wanamuweka mezani?"