Nilivyojifunza kava kwa kusoma mafaili ya madai

Sisi mawakala wa bima hatukosi semina. Makao makuu ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania, yako hapa Dodoma, na kila baada ya muda unaitwa ukumbini, unapewa kalamu, daftari na chai ya saa nne. Sizibezi. Ila nilizohudhuria mimi nyingi zilihusu kuuza: bidhaa mpya, kamisheni, namna ya kuingiza taarifa kwenye mfumo ili stika itoke. Siku mteja aliyeunguliwa duka anapokuuliza kipi kinalipwa na kipi hakilipwi, yaani kava yake, daftari lile halina jibu.

Nikamwendea ofisa wa madai wa kampuni ninayoiuzia, nikamwomba nisome mafaili yaliyokwisha kufungwa, majina ya wateja yakiwa yamefunikwa. Hakukubali mara moja, na sikumlaumu, maana hizo ni siri za watu. Mwishowe tukaelewana nisome palepale mezani kwake, bila kupiga picha wala kutoa kopi. Nilisoma kinyumenyume. Naanza na barua ya mwisho, ya kulipa au ya kukataa, naangalia imetaja kifungu gani, nakitafuta kifungu hicho kwenye mkataba, kisha namalizia na fomu aliyojaza mteja siku ya kwanza. Kwenye fomu ndiko matatizo mengi yalikoanzia.

Faili lililonikaa kichwani ni la duka la vifaa vya ujenzi. Bidhaa zilikuwa za shilingi milioni 40, mwenyewe akakatia bima ya milioni 20 ili alipie kidogo. Moto ukateketeza mali ya milioni 10. Yeye alijua atalipwa zote 10, kwa kuwa hazijafika 20. Akahesabiwa milioni 5, na bado kikakatwa kile kiasi cha kwanza ambacho mkataba unamtaka mteja abebe mwenyewe. Hesabu yake ni kwamba aliyekatia nusu ya thamani hulipwa nusu ya hasara. Nusu ya pili anahesabiwa kuwa ameibeba mwenyewe tangu siku alipotaja thamani pungufu.

Tangu hapo hesabu hiyo naiandika mbele ya mteja, kwa namba za duka lake mwenyewe. Mzee mmoja wa soko la Majengo aliitazama karatasi, akavua miwani. "Kwa hiyo, mwanangu, leo nikijipunja, na siku ya moto nitapunjwa?" Nikamwambia ndivyo, mzee wangu. Akamwita kijana wake wakaanza kuhesabu stoo upya, mfuko kwa mfuko, na mimi nikasubiri kwenye benchi hadi wakamaliza.

Jambo la pili ni mafuriko. Bima ya moto ya kawaida inagusa moto, radi na aina fulani za milipuko. Mafuriko huongezwa kwa kipengele chake, na yana malipo yake. Dodoma watu wanaihesabu nchi kavu, kwa hiyo zamani hakuna aliyeuliza. Baada ya mafuriko na maporomoko ya tope ya Katesh, mkoani Manyara, ya Desemba 2023, wakaanza kuuliza. Siku hizi hata asiyeuliza namuuliza mimi: mvua kubwa ikinyesha, maji yanapita wapi? Akinionyesha korongo nyuma ya ukuta, tunaongeza kipengele.

Kwenye magari nitasema kidogo tu. Kwamba bima ndogo inamlipa uliyemgonga na si gari lako, wengi wanajua. Kinacholeta ugomvi ni gari lililokatiwa bima ya matumizi binafsi kisha jioni likabeba abiria wa nauli, au kukabidhiwa shemeji ambaye leseni yake imekwisha muda.

Kusoma peke yangu kulinichosha, nikawashawishi mawakala wenzangu tukutane Jumamosi asubuhi. Kila mmoja kwa zamu yake anakuja na kifungu kimoja na tukio moja. Sharti letu ni dogo, lakini ndilo lililotusaidia kuliko vyote: huruhusiwi kusema "inategemea" bila kuonyesha mstari wa mkataba unaosema hivyo. Mwanzoni kulikuwa na manung'uniko. Baadaye wenyewe wakawa wanaumbuana kwa raha.

Sasa tuko kwenye bima ya mazao, ile inayolipa kwa kipimo cha mvua cha setilaiti. Hakuna mtu anayekuja kukagua shamba. Kipimo kikishuka chini ya kiwango kilichoandikwa, wote waliokata bima hiyo eneo lile wanalipwa. Shida ni kwamba mkulima wa alizeti kule Kongwa anaweza kupoteza shamba lake huku kipimo kikionyesha mvua ya eneo ilitosha. Wadudu nao hawamo kwenye kipimo cha mvua. Wenzangu wawili wanasema tukimweleza yote hayo hatanunua. Mimi nasema aelezwe kabla hajatoa hela. Zamu ijayo ni yangu, na nimeshamwomba mkulima mmoja aje akae nasi, tumsomee mkataba kisha atuambie yeye ameelewa nini.