Maua ya mitango yangu Mikindani

Wiki ya sita maua yalianza kuanguka. Nikifagia uani asubuhi nayakuta chini ya mitango, ya njano, yamesinyaa, na moyo unaniuma. Mashina kumi na mawili niliyanywesha kwa ndoo tangu yachipue, na Mikindani maji unayatafuta.

Jirani yangu, mama mtu mzima aliyelima bustani miaka mingi Newala, alipita nikamsalimia na kumwonyesha. Akaniambia: "Marahaba mwanangu. Hebu ligeuze hilo ua ulitazame nyuma. Hilo dume, litaanguka tu. Subiri jike."

Kweli. Ua dume lina kikonyo chembamba kitupu. Jike limebeba kitango kidogo nyuma yake, chenye vinywele. Madume hutangulia, mara nyingi wiki moja au zaidi, kwa hiyo yale niliyoyalilia hayakuwa hasara.

Hasara ilikuja baadaye. Majike yalitoka, lakini vitango vikafika urefu wa kidole cha mwisho, vikageuka njano, vikadondoka. Vilivyopona vilipinda, nene upande mmoja, vyembamba upande wa pili. Hapo ndipo nilipoketi kwenye kigoda kuanzia saa kumi na mbili na nusu mpaka saa nne nikiangalia nani anatembelea maua. Hakuja nyuki hata mmoja.

Nilijua kwa nini, na iliniuma sana. Vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani, walipoingia nilikuwa napiga dawa saa moja asubuhi, saa ileile nyuki anapofanya kazi. Chavua ya mtango, yaani ule unga wa ua dume, inanata, upepo hauibebi. Lazima mdudu aihamishe, na ua jike hungoja siku moja tu. Chavua ikifika kidogo, mbegu hukua upande mmoja, na tunda hupinda.

Dawa niliiacha. Vidukari nikawaosha jioni kwa maji yenye sabuni kidogo, chini ya majani, maua yakiwa yamefunga. Uchavushaji nikaufanya mwenyewe: nachuma dume lililofunguka asubuhi hiyo, nabandua petali zote, kisha ile sehemu ya katikati yenye unga naipapasa taratibu katikati ya ua jike, nikizungusha ili iguse pande zote. Dume moja nalitumia kwa majike mawili. Namaliza kabla ya saa tatu, maana jua la huku likipanda ua hulegea. (Maua ya maboga usiyajaribu, hayashikani na tango.)

Siku ya tatu kitango kilichoshika unakijua: kimeinamia chini, kijani kimekolea, kimeanza kunenepa. Kile cha kwanza nilikichuma siku ya kumi, kimenyooka, nikampelekea mama yule pamoja na chumvi na ndimu.

Pembeni nilikuwa nimepanda mrehani, nikauacha utoe maua bila kuukata. Ulipochanua, nyuki wadogo wasiouma walianza kuja, kwanza kwenye mrehani, kisha kwenye mitango. Siku niliyowahesabu saba kwenye shina moja, niliacha kuchuma madume.