Klabu ya kusoma barazani: kutoka mwani hadi alizeti

Wiki ya 5
Watoto tisa, mkeka mmoja. Nilileta kifungu kuhusu kina mama wa Paje, Zanzibar, wanaolima mwani. Nilikiona chepesi, sentensi fupi fupi. Binti wa darasa la tano, msomaji wetu hodari, alikisoma bila kujikwaa hata mara moja. Nikamuuliza: kwa nini kina mama walingoja maji yapwe ndipo washuke?

"Walikuwa wanasubiri mvua ikatike, mwalimu."

Wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Tuko Singida. Ziwa Singidani likipungua ni kwa sababu ya kiangazi, na halirudi siku hiyohiyo.

Wiki ya 6
Kosa langu: niliandika maneno kumi na mawili ubaoni na maana zake. Wakayakariri kama jedwali la kuzidisha. "Kupwa ni maji kupungua!" Haya, kwa nini kina mama waliwahi? Kimya.

Nikaazima beseni. Mchanga upande mmoja, vijiti viwili, uzi katikati ndio kamba ya mwani. Nikamimina maji mpaka uzi ukafunikwa, kisha nikayachota kwa kikombe, taratibu. Nikawaambia bahari hufanya hivyo mara mbili kwa siku, na mwezi ukiandama au ukiwa mpevu maji huenda mbali zaidi, ndiyo bamvua. Kijana mmoja akaruka: "Kumbe wakichelewa maji yanawakuta kazini!" Hilo kifungu hakikulisema popote. Nilitamani kumkumbatia.

Wiki ya 7
Kifungu cha kukamua alizeti. Safari hii nilimpa mvulana wa darasa la nne anayesoma kwa kuokoteza silabi. Kwao wana mashine ya kukamua. Alichukua muda mrefu, lakini maswali yote sita alijibu, na akawafundisha wakubwa kuwa mashudu ni makapi yanayobaki mbegu zikishakamuliwa. Binti yetu hodari safari hii akawa anamsikiliza yeye.

Nikakumbuka utafiti wa Recht na Leslie wa mwaka 1988 kule Marekani: wanafunzi 64 walisoma simulizi ya mchezo wa besiboli. Wasomaji dhaifu wanaoujua mchezo walikumbuka mengi kuliko wasomaji wazuri wasioujua. Niliusoma zamani nikaupita tu. Sasa nimeuona mkekani.

Ila nilipokagua tena majibu yake, moja lilikuwa la nyumbani kwao, si la kifungu. Kifungu kinasema mashudu alipewa ng'ombe, yeye kaandika kuku. Nilimwambia anionyeshe mstari. Akautafuta kwa kidole, akacheka, akafuta. Kwa hiyo kuanzia sasa kila jibu lina swali la pili: umeliona wapi?

Beseni ni la kufulia la mama mwenye nyumba. Bado lina mchanga, na ameshaliulizia mara mbili.